Shufwa, Witiri na Milinganyo ya Diophantus

Imekuwa ni desturi, si ya mwambao peke yake bali ya wapenda fasihi wa kila pahala, kuutazama ushairi na hisabati kama ndugu wa baba mmoja walionyimana salamu. Mshairi husema hesabu ni kavu. Mwanahisabati naye husema shairi ni maneno matamu yasiyo ithibati. Wote wawili husahau kwamba mtunzi wa Kiswahili hawezi kuumaliza hata ubeti mmoja pasi na kuhesabu. Huhesabu mizani, huhesabu vipande, huhesabu mishororo. Na asipohesabu yeye, hawakosekani wasikilizaji wenye masikio makali watakaomhesabia hadharani. Na neno lenyewe alitumialo, mizani, ndilo lile lile la chombo cha muuza dukani chenye sahani mbili, huku bidhaa na huku mawe. Chombo hicho, kwa bahati njema, ndicho mlango mwepesi kuliko yote wa kuiingilia elimu iitwayo milinganyo ya Diophantus.

Mlinganyo ni usemi kwamba kilichomo katika sahani hii kinalingana na kilichomo katika ile, ijapokuwa baadhi ya vilivyomo havijulikani na vimepewa majina ya muda, x na y. Huo ni mlinganyo wowote. Unaokuwa wa Diophantus ni ule uliowekewa sharti: majawabu yawe nambari kamili, yaani 0, 1, 2, 3 na kuendelea, pamoja na zile za upande wa hasi. Nusu haikubaliwi, wala thuluthi. Sharti hili huonekana dogo, na mtu asiyezoea hudhani limewekwa kuirahisisha kazi. Kinyume chake ndicho kilivyo. Mlinganyo ambao mtoto wa shule ataumaliza kwa dakika mbili akiruhusiwa sehemu, unaweza kuwakalia vichwani wataalamu karne tatu wakinyimwa ruhusa hiyo.

Mtunzi anaishi chini ya sharti hili siku zote. Hakuna nusu mizani. Achukue mshororo wa mizani 16 na aamue kuujenga kwa maneno ya silabi mbili na ya silabi tatu tu. Maneno ya silabi mbili yawe x, ya silabi tatu yawe y, na mlinganyo wake ni 2x + 3y = 16. Yamkini aweke maneno 8 ya silabi mbili bila ya hata moja la silabi tatu. Au 5 na 2. Au 2 na 4. Njia ya nne haipo. Kadhalika haiwezekani kabisa kuujaza mshororo huo kwa maneno ya silabi tatu matupu, kwa kuwa 16 haigawiki kwa 3, na hilo halibadilishwi na ufundi wa mtunzi wala na wingi wa msamiati wake. Akiugawa mshororo katika ukwapi na utao wa mizani 8 kila kimoja, kila kipande kina njia mbili tu: maneno manne ya silabi mbili, au moja la silabi mbili na mawili ya silabi tatu. Malenga wa zamani waliyajua haya kwa sikio. Elimu ya Diophantus huyajua kwa sababu zake.

Yuko mama mmoja mjini Unguja, mtunzi wa tenzi, aliyeianza elimu hii akiwa ameshapita miaka 50. Jina lake halihitajiki hapa. Aliacha shule akiamini kwamba hesabu ni za watu wengine. Katika vitabu vya darasani kwao kila swali lilikuwa na jawabu lake nyuma ya kitabu, na asiyelifikia jawabu hilo alikuwa na hatia: ama mvivu, ama mzito wa akili. Dhana ya kwamba swali lenyewe laweza kuwa halina jawabu haikupata kutajwa na mtu. Hukumu hiyo aliibeba miaka arubaini, akatunga, akalea, akazika, naye bado anaamini kwamba kichwa chake kina upungufu.

Kilichomrejesha ni fumbo, na fumbo lenyewe lilikuwa shairi.

Diophantus aliishi Iskandaria, Misri, yumkini katika karne ya 3 baada ya Kristo. Juu ya maisha yake hakuna karibu lolote linalojulikana isipokuwa beti za Kigiriki zilizohifadhiwa katika mkusanyo wa zamani na kunasibishwa na mtu aitwaye Metrodorus. Beti hizo hueleza kwamba sehemu ya sita ya umri wake ilikuwa utoto. Baada ya sehemu ya kumi na mbili nyingine akaota ndevu. Baada ya sehemu ya saba nyingine akaoa. Miaka mitano baada ya ndoa akapata mtoto wa kiume. Mtoto akaishi nusu ya umri wa baba yake. Na baba, baada ya msiba huo, akaishi miaka minne ya huzuni, kisha naye akafa. Aliishi miaka mingapi?

Mama yule hakutumia aljebra, kwani hakuwa nayo. Alitumia faraidhi. Alipokuwa msichana alikuwa akikaa nyuma ya pazia baba yake akiwasomesha watu mgao wa mirathi, na alijua kwamba mirathi ikiwa na mke mwenye thumni na mama mwenye sudusi, mafungu huanzia 24, kwa sababu hiyo ndiyo nambari ndogo kuliko zote inayogawika kwa 8 na kwa 6 pasi na kuvunja kitu. Basi akaitafuta nambari inayogawika kwa 6, kwa 12 na kwa 7. Kinachogawika kwa 12 tayari kinagawika kwa 6, kwa hiyo zimebaki 12 na 7, na kigawe chao kidogo cha shirika ni 84. Kinachofuata ni 168, na hakuna binadamu wa umri huo. Akapima: utoto miaka 14, ndevu 7, hadi ndoa 12, kisha 5, umri wa mtoto 42, na huzuni 4. Jumla 84. Pazia la miaka arubaini likatoboka pale.

Iko haja ya kusema kwamba njia yake ilitegemea dhana kuwa kila kipande cha umri ni miaka kamili, na kwamba mwenye aljebra angelifika 84 bila ya dhana hiyo. Ni kweli. Lakini dhana ya ukamilifu ndiyo hasa roho ya somo hili, na yeye aliingia kwa mlango wa mbele bila ya kujua. Ama kuhusu Diophantus mwenyewe, kama aliishi miaka 84 au hakuishi, fumbo si cheti cha kuzaliwa.

Kitabu chake, Arithmetica, kilikuwa na juzuu 13. Sita zilisalia kwa Kigiriki. Nyengine nne zilihesabiwa kuwa zimepotea mpaka 1968, zilipotambuliwa katika maktaba ya Mashhad, Uajemi, kwa tafsiri ya Kiarabu inayonasibishwa na Qusta ibn Luqa wa Baalbek, mtu wa karne ya 9. Kichekesho ni kwamba Diophantus mwenyewe hakulishika sharti linaloitwa kwa jina lake. Yeye aliridhika na sehemu, mradi ziwe chanya. Alipotaka kuigawa 16 iwe miraba miwili, alitoa sehemu mbili zenye 25 chini yake, juu 256 na 144, wala hakuona haya. Mraba, kwa asiyekumbuka, ni nambari iliyozidishwa kwa nafsi yake. Sharti la nambari kamili liliwekwa na waliomfuata, jina likabaki kwake.

Anayeanza aanzie wapi, basi? Aanzie sokoni. Chukua mizani ya sahani mbili na mawe ya aina mbili tu, ya kilo 3 na ya kilo 5. Je, yaweza kupimwa kilo 1 ya mchele? Weka mawe mawili ya kilo 3 sahani moja, jiwe moja la kilo 5 sahani ya pili pamoja na mchele: 6 upande huu, 5 na mchele upande ule. Mchele ni kilo 1. Jiwe lililowekwa pamoja na bidhaa ndilo nambari hasi, na mtu aliyeshikwa na hofu ya nambari hasi darasani ataona kwamba muuza duka hakupata kuiogopa. Na ikiwa kilo 1 yapimika, kila uzito kamili wapimika. Sasa badilisha mawe, yawe ya kilo 4 na ya kilo 6. Hata mtu akiyapanga tangu alfajiri mpaka magharibi hatopata kilo 1, wala 3, wala 7. Mawe yote ni shufwa, na shufwa kwa shufwa, ukiongeza au ukipunguza, hazizai witiri.

Kanuni nzima ya milinganyo ya namna hii imo humo. Mlinganyo wenye x na y, ambao mawe yake ni nambari mbili zinazojulikana, una majawabu iwapo kigawo kikubwa cha shirika cha mawe hayo mawili kinaugawa uzito unaotafutwa. Na kama hakiugawi, hauna. Kigawo hicho watoto wa skuli hukitafuta kwa kuzivunjavunja nambari, kazi yenye kuchosha. Iko njia ya Euclid, kongwe kuliko Diophantus kwa zaidi ya miaka 500, nayo ni kugawa na kuchukua baki, kisha kugawa tena kwa baki, mpaka baki iishe. Mfano ni 91 na 35. 35 yaingia katika 91 mara mbili, baki 21. 21 katika 35 mara moja, baki 14. 14 katika 21 mara moja, baki 7. 7 yaingia katika 14 bila ya baki. Kigawo ni 7. Kwa hiyo 91x + 35y = 100 haina jawabu, ilhali 91x + 35y = 7 inalo, na mtu akizirudi hatua zake kinyumenyume atalikuta: 91 mara mbili ni 182, ukitoa 35 mara tano, 175, hubaki 7.

Wahindi waliifikia njia ya jinsi hiyo kwa mkondo wao. Aryabhata aliiandika mwaka 499 katika kitabu kilichotungwa chote kwa mashairi, na jina iliyokuja kuitwa huko, kuttaka, maana yake ni chenye kutwanga. Nambari kubwa hutiwa kinuni zikatwangwa kwa migao mpaka zikawa ndogo za kushikika. Ni vigumu kupata jina bora zaidi.

Kwa msomaji wa mwambao pengine hakuna mwalimu wa kwanza afaaye kuliko Abu Kamil, Mmisri aliyeishi mwisho wa karne ya 9 na mwanzo wa ya 10. Aliandika kijitabu juu ya ndege. Maswali yake yote ni ya ununuzi: mtu ana dirhamu 100, anunue ndege 100, wa aina hii na hii, kwa bei hii na hii. La kwanza lina bata kwa dirhamu 5 mmoja, kuku kwa dirhamu 1, na shomoro 20 kwa dirhamu 1. Anayeanza hukimbilia kubahatisha, bata kumi, kuku thelathini, na usiku hupita. Lakini na afikiri hivi. Lau ndege wote 100 wangekuwa kuku, fedha ingetosha barabara. Kila bata akichukua nafasi ya kuku, huongeza gharama kwa dirhamu 4. Kila fungu la shomoro 20 likichukua nafasi ya kuku 20, hupunguza gharama kwa dirhamu 19. Ili mizani isimame, 4 mara idadi ya bata sharti ilingane na 19 mara idadi ya mafungu. 4 na 19 hazina kigawo cha shirika ila 1, kwa hiyo idadi ya bata haina budi igawike kwa 19, na idadi ya mafungu igawike kwa 4. Bata 19, mafungu 4, yaani shomoro 80, na kuku aliyebaki ni mmoja. Bata 38 wangetaka shomoro 160, na hao hawaenei. Ukitaka kila aina iwemo, jawabu ni hilo moja, na limepatikana bila ya kubahatisha hata mara moja.

Maswali ya kijitabu hicho ni sita. La mwisho Abu Kamil alilihesabia majawabu 2,676. Na limo jengine ambalo jawabu lake ni kwamba halina jawabu. Kuliweka swali hilo safu moja na mengine, kwa heshima ile ile, ni jambo ambalo vitabu vingi vya darasani, miaka zaidi ya elfu moja baadaye, havijathubutu kulifanya.

Mama yule alipofika katika miraba ndipo alipokwama. Alijiwekea swali mwenyewe: nambari mbili ambazo miraba yao ikijumlishwa hutoa 10,007. Lilionekana dogo. 100 mara 100 ni 10,000, na 7 iliyobaki si mraba. 99 mara 99 ni 9,801, ikabaki 206, nayo si mraba. 98, hapana. 97, hapana. Kila usiku baada ya isha aliifungua daftari akaendelea kushuka, na kila alipoona amekosea mahali alirudi juu akaanza upya. Usiku wa tatu mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu, alimwonea huruma.

"Bibi, labda haina jibu."

"Labda si ithibati, mjukuu wangu. Na mimi labda sijaona tu."

Katika jawabu hilo alikuwa amekwisha kulisema tatizo zima la elimu hii. "Sijaona" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti, na yule aliyelelewa kuamini kwamba kila asichokiona ni kosa la macho yake huyachanganya maisha yake yote.

Ithibati aliyokuja kuisoma baadaye ina mistari minne, na yatosha mtu awe na shufwa na witiri, maneno ambayo mwambao umeyajua kwa karne nyingi. Hata mtoto asiyependa hesabu anajua kwa nini swala ya witiri yaitwa hivyo. Nambari shufwa ni mbili mara kitu, kwa hiyo mraba wake ni nne mara kitu: ukiugawa kwa 4 hakibaki chochote. Nambari witiri ni shufwa na moja. Ukiizidisha kwa nafsi yake hupata mafungu kamili ya nne, na moja juu yake: ukiugawa mraba huo kwa 4 hubaki 1, siku zote. 3 hutoa 9, yaani 8 na 1. 5 hutoa 25, yaani 24 na 1. Basi miraba miwili ikijumlishwa, baki zake ni 0 na 0, au 0 na 1, au 1 na 1. Jumla ya baki ni 0, 1 au 2. Kamwe haiwi 3. Na 10,007 ukiigawa kwa 4 hubaki 3.

Kwa hiyo haikuwa kwamba hakuona. Hakukuwa na cha kuona. Si katika miraba ile mia aliyokuwa akiishukia tu. Hata mtu angetaka nambari yenye tarakimu milioni, ikiwa baki yake ni 3, angeweza kuijibu kabla ya chai kupoa. Mama yule hakuzichana kurasa za zile siku tatu. Aliandika juu yake, kwa wino mwengine, neno moja: hakuna. Aliwaambia watu wa nyumbani kwamba ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukosa jawabu na kuwa sahihi.

Hapa uko mtego, na wanaoanza wengi hunasa. Baki ya 3 ni ushahidi wa kutokuwapo, lakini baki ya 1 si ushahidi wa kuwapo. 21 ukiigawa kwa 4 hubaki 1, wala haipatikani kwa miraba miwili. Mtu ajaribu, ni kazi ya dakika moja. Ni kwa nambari tasa tu ndipo mambo hunyooka: kila nambari tasa yenye baki 1 ni jumla ya miraba miwili. 5 ni 1 na 4, 13 ni 4 na 9, 29 ni 4 na 25. Mfaransa Pierre de Fermat alilidai jambo hili katika karne ya 17, na Euler ndiye aliyelitolea ithibati katika karne iliyofuata.

Na isidhaniwe kwamba kila pagumu pana "hakuna" nyuma yake. Badala ya miraba miwili, chukua michemraba mitatu, yaani nambari zilizozidishwa kwa nafsi yake mara mbili, na hasi ziruhusiwe. 29 ni rahisi: 27 na 1 na 1. Nambari ambayo ukiigawa kwa 9 hubaki 4 au 5 haiwezekani, kwa sababu za baki kama zile za miraba. Lakini 33 haikuwa na kizuizi hicho, na kwa zaidi ya nusu karne haikuonekana. Mwaka 2019 Andrew Booker wa Chuo Kikuu cha Bristol aliipata kwa msaada wa kompyuta, na kila moja ya nambari zake tatu ilikuwa na tarakimu 16. Mwaka ule ule yeye na Andrew Sutherland wakaipata 42, ya mwisho iliyokuwa imesalia chini ya 100, safari hii kwa tarakimu 17. Wale wote waliokuwa wakitafuta kabla yao kwa kweli walikuwa "hawajaona".

Je, haiwezekani ipatikane njia moja ya kuupokea mlinganyo wowote wa Diophantus na kusema, huu unalo, huu hauna? Mjerumani David Hilbert alilitaka jambo hilo mwaka 1900 alipowawekea wanahisabati wa dunia orodha ya maswali 23. Hili lilikuwa la kumi. Jawabu lilikuja 1970 kutoka Leningrad. Yuri Matiyasevich, kijana wa miaka 22, akiikamilisha kazi ya Wamarekani Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, alithibitisha kwamba njia hiyo haipo wala haitapatikana. Watu wengine hulisoma hilo wakasikitika. Ingekuwa ajabu wapenda ushairi wasikitike. Lau ingekuwapo mashine ya kuupima kila utenzi na kuutolea hukumu, nani angekaa barazani kuusikiliza?

Fermat ametajwa, na hapana budi lisemwe neno juu ya dai lake mashuhuri, maana ndilo linalowavuta wengi na ndilo linalowakimbiza. Kiasi cha mwaka 1637, pembezoni mwa nakala yake ya Arithmetica, pale Diophantus anapoigawa 16, aliandika kwamba mchemraba hauwezi kugawika kuwa michemraba miwili, wala kipeo chochote cha juu zaidi kuwa viwili vya aina yake, na kwamba anayo ithibati ya ajabu ambayo nafasi ile haiitoshi. Al-Khujandi, katika karne ya 10, alikwisha kudai jambo hilo kuhusu michemraba, na ithibati yake haikukubaliwa. Andrew Wiles alitangaza ithibati kamili mwezi wa Juni 1993, ikaonekana ina pengo, akaliziba Septemba 1994 akisaidiana na Richard Taylor, ikachapishwa 1995. Ni habari nzuri ya kusimulia. Lakini anayeanza asianzie hapo, kama vile anayejifunza kuogelea hapelekwi mkondo wa Nungwi. Aanze na mawe ya mizani, na baki, na ndege wa Abu Kamil. Kisha, kama Kiingereza hakimtishi, akitafute kitabu kidogo cha Harold Davenport, The Higher Arithmetic, kilichotoka mara ya kwanza 1952, kisemacho na msomaji kwa lugha ya kawaida. Awe na daftari ya mistari na asiwe na haraka ya kompyuta. Mashine itampa majawabu, na majawabu katika elimu hii ni sehemu ndogo ya kinachotafutwa.

Mama yule yuko sasa katika mlinganyo mwengine. Brahmagupta, mwaka 628, naye pia kwa beti, alitaka mraba ambao ni sawa na 92 mara mraba mwengine, na moja juu yake. Na akasema atakayeupata ndani ya mwaka mmoja ni mwanahisabati. Alitoa pia ufundi wake. Mtu aanze na kinachokaribia: mraba wa 10 ni 100, unazidi 92 kwa 8. Kisha aichanganye jozi hiyo, 10 na 1, kwa nafsi yake kwa kanuni maalumu: mraba wa ya kwanza pamoja na 92 mara mraba wa ya pili, na kando yake, mara mbili ya zao la zote mbili. Hutoka 192 na 20, na ziada sasa ni 64. Akigawa kote kwa 8 hupata 24 na mbili na nusu, na ziada ni 1 kamili. Nusu imeingia pasipo ruhusa. Basi achanganye tena, na nusu hutoka yenyewe ilivyoingia: 1,151 na 120. Hayo aliyamaliza kabla ya mwaka, akasema Brahmagupta kamhalalishia.

Ndipo akaibadilisha 92 kwa 61. Kuibadilisha huko, kwa mtu asiyejua, hakuna uzito. Lakini hii ni 61 ile ile ambayo Fermat aliwatupia wenzake mwaka 1657 kama changamoto, pasi na kujua kwamba Bhaskara wa India alikuwa ameshaijibu mwaka 1150 kwa njia ya mzunguko. Mama yule amekuwa akiuzungusha mzunguko huo tangu mwezi wa Shaabani. Daftari ya pili imejaa. Juma lililopita alifika katika jozi 29,718 na 3,805, na mraba wa ile ya kwanza ukapungua kwa 1 badala ya kuzidi kwa 1. Jirani aliyekuja kuazima kinu alimkuta anacheka peke yake. Pungufu ya moja ikichanganywa kwa pungufu ya moja hutoa ziada ya moja, kwa hiyo kilichobaki ni mchanganyo mmoja tu wa mwisho, nambari kubwa ya kuzidishwa kwa mkono na kuhakikiwa mara mbili: 1,766,319,049, na kando yake 226,153,980.